Rejeta inayovuja: unachoweza kutengeneza nyumbani na kisichofaa kuguswa

Gari la kijijini hubeba mengi. Asubuhi linapeleka abiria na magunia mnadani, jioni linarudi na mbolea na mabati, na usiku wa manane mwenye gari ndiye anayegongewa mlango mama anaposhikwa na uchungu. Gari hilohilo linaweza kusimamishwa na tundu dogo kama ncha ya sindano kwenye rejeta.

Kuziba tundu hilo mara nyingi si gharama kubwa. Gharama huja pale dereva anapoendelea na safari huku maji yamekwisha. Silinda hedi inapinda, gasketi inaungua, na kazi ya saa moja inageuka kuwa injini ya kushushwa. Tena wako watu wanaoungua uso na mikono kwa sababu tu walifungua mfuniko wa rejeta mapema.

Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kujua gari linavuja wapi, ni matengenezo gani mtu anaweza kuyafanya mwenyewe nyumbani kwa vifaa vya kawaida, na ni wapi anapaswa kuacha na kumwita fundi.

REJETA INAFANYA KAZI GANI

Injini ikiwaka hutoa joto kali. Maji yanayozunguka ndani yake hulichukua joto hilo, yanapita kwenye mpira wa juu na kuingia kwenye rejeta. Ndani ya rejeta kuna mirija mingi myembamba, na katikati ya mirija kuna vibati vilivyokunjwakunjwa. Upepo wa safari na wa feni unapita kwenye vibati hivyo na kuyapoza maji. Yakishapoa, pampu ya maji huyavuta kwa mpira wa chini na kuyarudisha kwenye injini.

Mfuniko wa rejeta nao una kazi kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Unayabana maji yasichemke mapema. Maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi joto 100 ukiwa pwani, na katika miji ya juu kama Mbeya na Njombe huchemka kabla hata ya kufika 95. Lakini yakibanwa na mfuniko mzima wenye namba 1.1 juu yake, ukiwa pwani hayachemki mpaka yafike nyuzi 120 hivi. Ndiyo maana gari lenye mfuniko uliochoka linaweza kuchemsha hata kama rejeta ni nzima.

Na hapo ndipo ilipo hatari. Maji yaliyo kwenye rejeta ya moto yanaweza kuwa na joto kupita la chungu kinachotokota jikoni, ila yametulia kwa sababu yamebanwa. Ukifungua mfuniko, yanachemka yote kwa mara moja na kuruka juu.

DALILI ZA KUVUJA

Usisubiri mshale wa joto upande. Dalili za mwanzo huonekana gari likiwa limesimama:

– Maji ya rejeta au ya kopo la akiba yanapungua kila baada ya siku chache.
– Asubuhi kuna unyevu chini, upande wa mbele wa gari.
– Kuna madoa ya kijani, mekundu, meupe au ya kutu kwenye rejeta, kwenye mipira au pembeni mwa pampu ya maji.
– Unasikia harufu tamutamu ya kulanti ukifungua boneti, au zulia la mbele ndani ya gari limelowa.
– Mshale unapanda kwenye kilima na kushuka kwenye tambarare.

Usichanganye na maji ya kiyoyozi. Ukiwasha kiyoyozi, maji masafi hudondoka chini, kwa kawaida usawa wa miguu ya abiria wa mbele. Hayana rangi, hayatelezi, hayana harufu. Hayo ni ya kawaida.

Jambo jingine ambalo madereva wengi hawalijui: maji yakiisha kabisa, mshale unaweza kuonyesha kwamba gari halina joto. Kipima joto hupima maji yanayokigusa. Kikibaki kwenye hewa tupu, hakipimi sawasawa. Mshale uliokuwa juu ukishuka ghafla bila sababu, simama uangalie.

GARI LIKICHEMSHA NJIANI

1. Zima kiyoyozi na washa hita kwa joto la mwisho. Itakuletea joto ndani, lakini inalipunguza kwenye injini wakati unatafuta pa kusimama.
2. Simama mahali salama, zima injini, weka alama nyuma ya gari.
3. Ukiona mvuke, usifungue boneti mpaka upungue.
4. Subiri nusu saa hadi saa nzima. Abiria wakilalamika, waache walalamike.
5. Usimwage maji baridi juu ya injini. Chuma cha moto kikipata baridi ya ghafla kinaweza kupasuka.
6. Gusa mpira wa juu kwa kitambaa, uuminye. Ukiwa mgumu na wa moto, bado. Ukiwa laini na unashikika kwa mkono mtupu, unaweza kufungua mfuniko.
7. Weka kitambaa kizito juu ya mfuniko, geuza uso pembeni, zungusha taratibu hadi kituo cha kwanza. Ukisikia mlio wa hewa, ngoja uishe ndipo umalizie.
8. Washa injini, ongeza maji kidogokidogo ikiwa inaunguruma taratibu.

Mtu akiungua, mwagilia sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete, saa na nguo iliyolowa maji ya moto, isipokuwa iliyogandamana na ngozi. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala asali. Funika kwa kitambaa safi kikavu na umpeleke zahanati, hasa kama ameungua uso, macho, mikono au sehemu kubwa ya mwili.

KUTAFUTA TUNDU

Kazi hii ianze injini ikiwa baridi kabisa, na alfajiri ni wakati mzuri. Jaza maji mpaka juu, funga mfuniko, kausha kwa kitambaa rejeta, mipira na pampu. Tandika maboksi yaliyofunguliwa chini ya injini. Kisha washa gari na uliache liungurume hadi lipate joto lake la kawaida.

Tumia tochi ya simu kukagua bila kugusa chochote kinachozunguka. Kitenge, mkufu, kanga na mikono mirefu ya shati ni hatari karibu na feni na mkanda. Feni ya umeme huweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo ukitaka kuingiza mkono, zima gari kwanza na utoe waya wa hasi wa betri.

Kagua kwa mpangilio, kuanzia yaliyo rahisi:

– Mfuniko: mpira wake umepasuka? Springi imelegea au ina kutu?
– Klipu za mipira: kuna unyevu pale mpira unapoingia kwenye bomba?
– Mipira yenyewe: iminye injini ikiwa baridi. Uliovimba, uliokakamaa au wenye nyufa ukiukunja, umechoka.
– Koki ya kumwagia maji chini ya rejeta: imekaza? Mpira wake mdogo upo?
– Mirija na vibati: tafuta doa lenye rangi, ndipo tundu lilipo au lilipo juu yake.
– Maungio ya plastiki na alumini juu na chini au pembeni mwa rejeta.
– Pampu ya maji: huwa na kitundu kidogo chini ya mhimili wake. Kikitoa maji, pampu imekwisha. Hilo si tatizo la rejeta.

Maji hufuata njia na kudondoka mbali na yalikotoka. Kwa hiyo usiishie kwenye tone unaloliona chini. Fuata unyevu kwenda juu mpaka ufike mwanzo wake.

Kama tundu halionekani na umeshaitoa rejeta, litafute kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha. Ziba midomo yote isipokuwa mmoja, izamishe kwenye beseni kubwa au pipa, kisha ingiza upepo kidogo kwa pampu ya baiskeli. Povu litakuonyesha. Usitumie kompresa ya kujazia matairi, maana inaweza kuipasua rejeta.

MATENGENEZO YA NYUMBANI

Klipu iliyolegea. Hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Kaza kwa bisibisi hadi ishike, usizidishe mpaka ikaukata mpira. Klipu yenye kutu ibadilishe. Waya wa kufungia unaweza kukufikisha nyumbani, lakini usiuache hapo; huukata mpira polepole.

Mpira uliopasuka. Kama umepasuka karibu kabisa na mwisho na urefu unatosha, kata kipande kibovu, ingiza upya, kaza klipu. Kama ufa uko katikati, kausha, kisha zungushia ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Uvute kwa nguvu kila mzunguko, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, na uvuke ufa pande zote mbili. Funga miisho kwa kamba imara. Huo ni msaada wa kufika dukani. Nunua mpira mpya wa gari. Mpira wa kumwagilia bustani haufai, kwa kuwa hulainika kwa joto na kuchomoka.

Mfuniko mbovu. Nunua wenye namba ileile iliyoandikwa kwenye ule wa zamani, kwa mfano 0.9 au 1.1. Namba kubwa zaidi haimaanishi mfuniko bora. Inamaanisha maji yatabanwa kwa nguvu zaidi, na penye udhaifu patapasuka.

Tundu dogo kwenye mirija ya alumini. Magari mengi ya siku hizi, kama Noah, Probox na pikapu ndogo, yana rejeta ya mirija ya alumini yenye matanki ya plastiki. Alumini haishiki lehemu ya kawaida ya risasi, kwa sababu mara tu inapopata hewa hujifunika utando mgumu. Dawa yake ya nyumbani ni gundi ya chuma, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Kabla ya kununua, soma pakiti: iwe inavumilia joto la zaidi ya nyuzi 120. Kisha fuata hatua hizi:

1. Injini ikiwa baridi, weka ndoo safi chini na umwage maji kwa koki. Kama ni kulanti safi, unaweza kuirudisha.
2. Ukiweza, itoe rejeta nje ya gari. Kazi itakuwa bora. Kama gari ni la otomatiki, angalia kwanza: mengi yana vijibomba viwili vinavyoingia kwenye tanki la rejeta, navyo hupitisha mafuta ya gia. Hivyo usivifungue kama hujui jinsi ya kurudishia mafuta yatakayomwagika.
3. Kwa koleo dogo, kunja au ondoa vibati vilivyozunguka tundu. Ondoa vichache tu. Vibati ndivyo vinavyopoza.
4. Sugua kwa msasa mpaka alumini ing'ae, upana wa kidole kuzunguka tundu.
5. Futa kwa spiriti na kitambaa safi, mbali na moto. Usiguse tena kwa mkono. Mafuta ya vidole yanatosha kuifanya gundi ibanduke.
6. Sehemu ikauke kabisa. Tone la maji linalotoka ndani litaharibu kazi yote.
7. Changanya gundi kwa kiasi sawa, au kama pakiti inavyosema, mpaka rangi iwe moja.
8. Isukume ndani ya tundu kwa kijiti, kisha ongeza nyingine juu na pembeni.
9. Iache ikauke. Gundi nyingine hushika kwa dakika chache, lakini kukomaa ni jambo jingine. Ukiweza, lala nayo usiku mzima, saa 24 ikiwezekana.

Mrija mmoja uliopasuka vibaya. Hapa mafundi wa zamani walikuwa na njia yao, na bado inafanya kazi porini: kuuua mrija. Ukate katikati, bapisha kila mwisho kwa koleo, ukunje mara mbili na uubane. Gundi juu yake husaidia. Mrija mmoja au miwili ikiuawa, gari dogo litaendelea kutembea bila mzigo mzito. Ukiua mingi, rejeta haitapoza tena, na mlima mmoja tu kama Kitonga, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Iringa, utakuumbua.

Rejeta ya shaba. Matrekta ya zamani, baadhi ya malori na mashine za kusaga zina rejeta ya shaba na shaba nyeupe au njano. Hii inashika lehemu. Isafishe mpaka ing'ae, paka dawa ya kulehemu, pasha shaba yenyewe kwa chuma cha kulehemu, kisha gusisha risasi iyeyukie humo. Ukipasha risasi peke yake itakaa juu kama tone na kubanduka baadaye. Moshi wake ni sumu: fanyia kazi nje, upepo ukiwa mgongoni, watoto wakae mbali, na unawe mikono kabla ya kula.

Tanki la plastiki lenye ufa. Hapa tuseme wazi: gundi haidumu. Plastiki hupanuka na kusinyaa kila gari linapopata joto na kupoa, na ufa hurudi. Ukitia gundi, ihesabu kama ruhusa ya kufika kwa fundi au dukani. Fundi wa rejeta anaweza kubadilisha tanki au mpira wake wa maungio, ama atakuambia ununue nyingine.

KUJAZA MAJI NA KUTOA HEWA

Kazi nzuri huharibika hapa. Hewa ikibaki ndani, gari litachemsha hata kama rejeta haivuji tena.

Egesha gari pua ikiwa imeinuka kidogo. Weka hita kwenye joto. Jaza taratibu injini ikiwa baridi, huku ukiuminya na kuuachia mpira wa juu ili hewa itoke. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, simama pembeni, usiinamie mdomo wa rejeta. Vipovu vitatoka na maji yatashuka, ongeza. Themostati ikifunguka, mpira wa juu utapata joto. Vipovu vikiisha na maji yakitulia, funga mfuniko, jaza kopo la akiba hadi alama. Maji yakianza kufurika kwa kasi, zima injini na ukae mbali mpaka ipoe.

Tembeza gari kwa mwendo mfupi karibu na nyumbani. Liache lipoe, kagua tena. Fanya hivyo asubuhi kwa siku tatu. Usianze kwa safari ndefu yenye mzigo.

YAI, MANJANO, SABUNI NA DAWA YA CHUPA

Yai bichi. Ni kweli linaweza kuziba tundu dogo. Ute wa yai huganda kwa joto na kukaa kwenye tundu. Tatizo ni kwamba yai halijui tundu liko wapi. Linaganda pia kwenye mirija mizima, kwenye hita na kwenye themostati. Manjano, pilipili ya unga na unga wa sembe vina tabia hiyohiyo. Ukilazimika porini, ukifika safisha mfumo wote kwa maji mengi.

Sabuni ya kipande. Inajulikana kwa kuziba tanki la mafuta, na huko inafanya kazi kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Maji huiyeyusha. Kwenye rejeta haifai kitu.

Dawa ya kuziba rejeta ya dukani. Inaweza kusaidia tundu dogo sana linalotoa matone. Haitibu ufa, wala tanki la plastiki, wala gasketi iliyoungua. Fuata kipimo cha kwenye chupa. Kuzidisha ni kuziba mirija.

Kuondoa themostati. Mafundi wengi huiondoa kama tiba ya kila kitu. Haizibi tundu lolote. Injini itachelewa kupata joto lake, itakula mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Kama themostati imekwama, weka mpya.

MGONJWA YUPO NDANI YA GARI

Hapa ndipo watu hubahatisha, kwa hiyo tuliseme kabla halijatokea.

Kama rejeta inadondosha matone tu, subiri ipoe, jaza maji, funga mfuniko hadi kituo cha kwanza tu. Maji hayatabanwa sana, na uvujaji utapungua. Lakini yatachemka mapema zaidi, kwa hiyo nenda polepole, usitumie kiyoyozi, tembea na madumu ya maji, na usimame mara kwa mara kukagua. Usifungue mfuniko huo ikiwa injini ni ya moto. Kila ukisimama angalia kopo la akiba na mshale kwanza.

Kama maji yanamwagika kama bomba, usijaribu. Gari litakufa katikati ya njia, na mgonjwa atakuwa mbali na nyumbani na mbali na hospitali. Tafuta chombo kingine hapohapo. Nchini Tanzania, kwa mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga aliye katika hali ya dharura, piga 115 bure, namba ya huduma ya usafiri ya m-mama. Weka kwenye simu namba za kituo chako cha afya na za wenye magari wawili au watatu wa jirani.

PALE PA KUMWITA FUNDI

Acha kutafuta tundu kwenye rejeta ukiona mojawapo ya haya:

– Maji yanapungua kila siku lakini hakuna unyevu popote.
– Mafuta ya injini yamegeuka kama chai ya maziwa.
– Vipovu haviishi kwenye rejeta hata baada ya kutoa hewa.
– Moshi mweupe mzito unatoka nyuma hata injini ikiwa ya moto.
– Mafuta ya gia ya gari la otomatiki yamegeuka rangi ya maziwa.
– Pampu ya maji inavuja au inapiga kelele.

Dalili tatu za katikati, mafuta ya maziwa, vipovu na moshi mweupe, huelekeza kwenye gasketi au silinda hedi. Hiyo ya mafuta ya gia huonyesha rejeta imetoboka ndani kwa ndani, na kila kilomita unayoendesha inaharibu gia. Usiliwashe, livutwe.

KULANTI NI SUMU

Kulanti nyingi zina kemikali iitwayo ethilini glaikoli. Ina utamu, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Mbwa, mbuzi na watoto huinywa wakidhani ni kinywaji. Kiasi kidogo kinaweza kuharibu figo na kuua.

Usiimwage uani, kisimani, mtoni wala karibu na hori la mifugo. Usiihifadhi kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Tumia dumu lenye alama, liweke juu, na ulifunge. Iliyokwisha kazi ipeleke gereji wanakokusanya vimiminika vichafu. Mtoto akiinywa, usingoje dalili na usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitali na chupa yenyewe mkononi.

KUZUIA NI RAHISI KULIKO KUZIBA

Kagua maji kila asubuhi kabla ya kuwasha gari. Ni kazi ya dakika moja. Tumia kulanti aina inayotajwa kwenye kitabu cha gari, na usichanganye aina mbili kwa kuangalia rangi tu, maana rangi hutofautiana kwa kampuni. Ile isiyochanganywa kiwandani kwa kawaida huchanganywa nusu kwa nusu na maji.

Maji ya kuongeza yawe safi. Ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi, ambayo huacha magadi ndani ya mirija. Ya mtoni yana tope. Ya bahari yasiingie kabisa. Yanakula alumini na chuma. Maji matupu ya muda mrefu huleta kutu, kwa hiyo ukiongeza kwa dharura, panga kurudishia kulanti.

Safisha vibati vya mbele vinapojaa vumbi, nyasi na wadudu. Mwaga maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa nguvu ndogo, injini ikiwa baridi. Maji ya mashine ya kuoshea magari hukunja vibati.

KWA UFUPI

Usifungue mfuniko wa moto. Anza na klipu, mipira na mfuniko kabla ya kuilaumu rejeta. Gundi ya chuma inafaa kwa tundu dogo la alumini, lehemu kwa shaba, na kwa plastiki iliyopasuka jiandae kununua. Toa hewa baada ya kujaza. Mshale ukipanda, simama. Nusu saa ya kusubiri barabarani ni nafuu kuliko injini.

Kwenye gari lako weka vitu hivi: dumu la maji safi la lita 10, klipu mbili za ziada, bisibisi, koleo, ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, gundi ya chuma, kitambaa kizito na tochi. Vyote, ukiacha dumu, vinaenea kwenye boksi moja chini ya kiti.